Lifti za Theluji Katika Majira ya Joto, na Njia ya Kupandia Jabal Akhdar

Katika makala yetu ya juma hili tutazungumzia mlima, na hasa namna mwanadamu anavyoupanda pale joto la bondeni linapomzidi nguvu.

Wale miongoni mwenu mnaotusikiliza Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu huenda mkajiuliza kwa nini nimelichagua jambo hili. Kwenu miezi ya Juni, Julai na Agosti ni kipupwe. Watu hulala bila kupepewa na wazee hujifunika shuka mbili. Lakini kwa ndugu zetu wazungumzao Kiswahili walioko Oman, katika miji ya Nizwa, Ibra na Sur, miezi hiyo hiyo ndiyo ya moto. Mjini Nizwa kipimajoto hupita nyuzijoto 40 siku baada ya siku, na miamba iliyouzunguka mji hukusanya jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Mabaharia wa Sur waliokuwa wakisafiri kwa majahazi baina ya Oman na Zanzibar waliijua tofauti hiyo vyema kuliko sisi wa ndege. Walikwenda Zanzibar na kaskazi, wakarejea na kusi, na waliporejea mwezi wa Mei walikuta kwao joto limekwisha kuanza kupamba.

Kila mahali watu wamejitafutia pa kukimbilia. Wakazi wengi wa Sharqiyah hushuka pwani ya Al Ashkharah, upande wa Jaalan, ambako upepo wa msimu utokao Bahari ya Arabu huupoza ufukwe wakati bara linawaka. Mtu wa Dakhiliyah, yeye hutazama juu. Kwake bahari iko mbali, lakini mlima uko mlangoni. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hadi saba hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kanuni hiyo haina ubaguzi: ni ile ile Kilimanjaro, ni ile ile Uswisi, na ni ile ile Oman.

Tuanzie basi Ulaya, kwenye milima ya Alps, kwa sababu huko kupanda mlima kufuata ubaridi kumekuwa biashara yenye mitambo.

Huko Alps, wakati wa baridi, watu kwa mamilioni huenda kuteleza juu ya theluji. Kuteleza kwenyewe ni kushuka. Shida ni kupanda tena. Katika mji wa Davos, Uswisi, mwezi Desemba 1934, mhandisi Ernst Constam alizindua mtambo wa kamba ya chuma inayozunguka, yenye vigongo vya kumshikilia mtu kwa nyuma na kumkokota mlimani huku miguu yake ikibaki juu ya theluji. Miaka miwili baadaye, huko Sun Valley katika jimbo la Idaho nchini Marekani, shirika la reli la Union Pacific lilitaka njia iliyo rahisi zaidi kwa wageni wake. Mhandisi wake, James Curran, alikuwa amewahi kushughulikia mitambo ya kupakilia ndizi melini katika nchi za joto: mkungu hutundikwa kwenye ndoano, na ndoano huchukuliwa na mtambo hadi ndani ya meli. Curran akauondoa mkungu, akaweka kiti. Basi msikilizaji wa Bukoba au wa Kampala akiona picha ya mtu amening'inia kwenye kiti juu ya theluji, na akumbuke kwamba mahali pale palikuwa pa ndizi.

Tofauti baina ya mitambo hiyo miwili ndiyo inayoamua mambo theluji inapoyeyuka. Lifti ya kukokota haifai kitu wakati wa joto, kwani hakuna cha kutelezea. Husimama pale kama mlingoti wa jahazi lisilo na tanga. Lakini lifti ya viti, na ile ya vijumba vilivyofungwa madirisha, hazijali kilichopo chini, theluji au nyasi. Kwa hiyo kuanzia Juni hadi Septemba katika vituo vingi vya Alps waya huzunguka tena, na abiria huwa wengine kabisa. Wapo wazee wasioweza tena kupanda kwa miguu lakini wanataka kuona kilele. Wapo wanaopanda kwa miguu na kushuka kwa lifti, na hao ndio wenye akili, kwani magoti huumia zaidi katika kushuka. Wapo vijana wanaotundika baiskeli zao kwenye viti vya lifti, kisha wakashuka nazo kwa kasi inayomtia hofu mtazamaji, na wapo warukao kwa miavuli. Chini yao ng'ombe hula majani, maana mahali pa kuteleza wakati wa baridi ni malisho wakati wa joto, kama yalivyokuwa kabla nguzo za lifti hazijasimikwa.

Isidhaniwe kuwa jambo hili hufanywa kwa ajili ya burudani tu. Lifti hugharimu fedha nyingi kujengwa, na deni halilali hata kama mtambo umelala. Kisha theluji yenyewe inapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Climate Change ulichunguza vituo 2,234 vya kuteleza barani Ulaya, na ukabaini kuwa joto la dunia likipanda kwa nyuzi 2 kuliko zama za kabla ya viwanda, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji ya kutosha, endapo havitatumia mashine za kutengeneza theluji. Wenye vituo wanaufahamu ukweli huo. Kwa wengi wao mapato ya majira ya joto bado ni sehemu ndogo mno ya yale ya baridi, lakini wanaikuza sehemu hiyo kwa bidii ya mtu anayechimba kisima kipya huku akiona cha zamani kinakauka.

Si Ulaya peke yake. Mjini Tehran, nchini Iran, kuna lifti ya vijumba ya Tochal, yenye urefu wa karibu kilomita 7.5, inayofanya kazi tangu mwaka 1978. Wakati wa baridi huwapeleka watu kwenye theluji. Wakati wa joto familia huipanda ili kuukimbia moshi na jua la mji.

Hapa kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ni muhimu kuliko mitambo yenyewe, nalo ni nani mwenye waya. Ufaransa, sheria ya milima ya Januari 1985 iliifanya lifti ya mlimani kuwa huduma ya umma iliyo chini ya mamlaka ya serikali za mitaa. Kampuni inaweza kuiendesha, lakini kwa mkataba na kwa muda maalumu, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayoketi upande wa pili wa meza. Ni kama barabara: basi ni la tajiri, barabara ni ya watu. Haina maana kwamba mambo huenda sawa daima. Vijiji kadhaa vimejikuta na lifti zisizo na theluji na madeni yasiyo na mlipaji. Lakini angalau huko swali la kuifunga au kuiacha huulizwa kijijini, mbele ya watu wanaolala mlimani.

Na waya nao una hatari zake. Jumapili ya tarehe 23 Mei 2021, nchini Italia, kijumba kilichokuwa kikipandisha watalii kutoka Stresa, kando ya Ziwa Maggiore, hadi mlima Mottarone kilikaribia kituo cha juu wakati kamba inayokivuta ilipokatika. Kiliporomoka kurudi nyuma, na watu 14 wakapoteza maisha. Mtoto mmoja tu ndiye aliyenusurika. Kulikuwa na breki ya dharura iliyowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo, lakini ilikuwa imezuiwa makusudi isifanye kazi, kwa kuwa ilikuwa ikijifunga ovyo na kusimamisha safari. Tafadhalini likumbukeni neno hilo breki, tutalirudia.

Naam wapenzi wasikilizaji, sasa turejee Oman, tuutazame Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani. Hapa hakuna lifti wala mchezo wa kuteleza, ingawa wakati wa baridi kipimo huweza kushuka chini ya sifuri na barafu ikaonekana juu ya maji. Lakini bidhaa inayouzwa na lifti za Alps katika majira ya joto, yaani hewa baridi na kimo, ipo tele. Uwanda wa Saiq uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika siku za joto kali tofauti baina yake na Nizwa hufikia nyuzi 10 na zaidi. Mtu huondoka kwenye tanuri asubuhi, na adhuhuri anakula chakula chake nje, chini ya mkomamanga.

Je, anafikaje huko? Historia ya mlima huu, ukiitazama vizuri, ni historia ya njia yake. Kwa karne nyingi ilikuwa miguu na punda. Kutoka Birkat al Mawz, mji wa migomba na mitende ulio chini ya mlima, watu waliingia katika bonde la Wadi al Muaydin na kupanda mawe hadi kijiji cha Sharayjah, wakishusha makomamanga, jozi na marashi ya mawaridi, na kupandisha mchele, samaki mkavu na nguo. Ugumu wa njia ulikuwa ngome. Katika vita vilivyomalizika Januari 1959, wafuasi wa Imam Ghalib bin Ali Al Hinai walijihifadhi juu, na majeshi ya Sultani pamoja na Waingereza yalishindwa kuwafikia kwa muda mrefu. Ndege za Uingereza zilivishambulia vijiji vya mlimani, lakini hatima iliamuliwa na askari waliopanda usiku kwa miguu. Waliletewa punda kutoka Somalia wabebe mizigo, na punda wale, wadogo kuliko wale wa mlimani na wasiozoea majabali, hawakuweza kazi. Afrika Mashariki nayo imo katika kisa hiki, ingawa kwa miguu minne.

Baada ya vita jeshi liliweka kambi na uwanja wa ndege huko Saiq, na mlima ukawa eneo la kijeshi. Ni mwaka 2005 tu ndipo ulipofunguliwa kwa watalii, na katika miaka hiyo hiyo barabara ya lami ikakamilika. Lakini serikali ya Oman ilibakisha jambo moja ambalo mgeni huliona kuwa usumbufu: chini ya mlima, juu kidogo ya Birkat al Mawz, pana kizuizi cha polisi, na gari lisilovutwa kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupita. Sababu ni mteremko. Dereva asiyezoea hushuka huku amekanyaga breki njia nzima, breki hupata moto, kisha hazishiki. Ndiyo maana kando ya barabara hiyo mtaona vichochoro vya kokoto vinavyopanda juu bila kwenda popote. Vimejengwa ili gari lililoshindwa breki likimbilie humo na kukwama salama. Kule Mottarone breki ya dharura ilizuiwa ili biashara isisimame. Hapa magari mengi huzuiwa kabla hayajaanza kupanda.

Mimi nakiona kizuizi kile kuwa ndicho kituo cha chini cha lifti ya Waomani. Kila anayepanda hupita hapo, na asiye na gari linalofaa lazima alipate. Hivyo imezuka kazi: wenyeji wenye magari ya magurudumu manne huwachukua wageni waliofika na magari madogo, wakawapandisha na kuwashusha kwa malipo. Ni waya usio na nguzo, na kila kiti chake kina mwenyewe. Laiti lingewekwa gari la nyaya hapo kesho, safari ingekuwa laini na ya kupendeza, sina shaka. Lakini fedha inayogawanyika leo mikononi mwa madereva ingeingia dirisha moja la tiketi.

Jambo hili si la kufikirika tu. Mwezi Mei 2019 aliyekuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii wa Tanzania, Constantine Kanyasu, alieleza kuwa serikali ilikuwa ikichunguza uwezekano wa kuweka magari ya nyaya katika Mlima Kilimanjaro, ili wazee, walemavu na wale wasio na siku nyingi nao waupande. Nia hiyo haikuwa mbaya. Lakini wapagazi na waongoza watalii walipinga papo hapo, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mgeni mmoja apandaye kwa siku tano, sita au saba hufuatwa na msafara wa mwongozaji, mpishi na wabebaji, na kila mmoja wao ana watoto wanaomsubiri nyumbani. Mgeni akipanda kwa waya na kurejea siku hiyo hiyo, anamhitaji nani? Madaktari nao walikuwa na lao, kwani mwili hauwezi kuzoea hewa nyepesi kwa muda wa saa moja. Miaka imepita na Kilimanjaro, wenye mita 5,895, bado unapandwa kwa miguu.

Jabal Akhdar una swali lingine juu ya lile la ajira, nalo huanza pale abiria anaposhuka. Njia yoyote ya kupandisha watu ni pampu. Huvuta watu kutoka chini na kuwamwaga juu. Huko Alps wanamwagwa penye vijito na barafu inayoyeyuka. Hapa wanamwagwa penye falaj. Vijiji vya Al Ayn, Al Aqr na Sharayjah vimeng'ang'ania ukingo wa korongo, na matuta yao yaliyojengwa kwa mawe hushuka kama ngazi, kila tuta likipata maji kwa zamu. Zamu hiyo huhesabiwa kwa athar, ambayo ni takriban nusu saa, na mtu huweza kuirithi, kuiuza au kuikodisha. Mwaka 2006 Shirika la UNESCO liliorodhesha mifumo mitano ya falaj za Oman katika Urithi wa Dunia, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa, Al Khatmayn iliyopo Birkat al Mawz penyewe na Al Jaylah ya upande wa Sur. Falaj ni hesabu ya maji iliyofungwa tangu zamani: idadi ya watu inajulikana, na idadi ya miti pia. Mgeni anayekuja na bafu lake hakuwamo katika hesabu hiyo.

Na mawingu hayasaidii. Watafiti waliochambua vipimo vya Saiq tangu mwaka 1979 hadi 2012 walikuta kuwa joto lilikuwa likipanda na mvua ikipungua. Hapo ndipo ninapoiona shida yenyewe. Kadiri Nizwa, Ibra na Maskati zinavyozidi kuwa na joto, ndivyo watu wanavyozidi kuupanda mlima, na ndivyo mlima wenyewe unavyozidi kukosa maji ya kuwanywesha. Mwaridi ambao maua yake huchumwa Aprili na Mei na kutokoswa katika majiko ya udongo ili kutoa marashi haujui kama maji yameelekezwa kwenye bwawa la kuogelea. Unajua tu kwamba zamu yake imefupishwa.

Hata hivyo, si haki kumwambia mtu wa mlimani abaki na punda wake ili sisi tupate mandhari. Barabara imemletea hospitali karibu, imempelekea mtoto wake chuoni Nizwa, na imemwezesha kuuza komamanga lake likiwa zima. Kijiji cha kale cha Wadi Bani Habib kiko kitupu leo, kuta zake za mawe na udongo zikimomonyoka juu ya mijozi, kwa sababu wenyewe walihamia nyumba mpya zilizo karibu na barabara. Nani atawalaumu? Hoteli kubwa nazo zimekuja, moja mwaka 2014 na nyingine mwaka 2016 pale kwenye ukingo ambao Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliutembelea mwaka 1986. Na sasa umetangazwa mradi mkubwa zaidi, Al Jabal Al Aali, wa mji wa kitalii kwenye kimo cha takriban mita 2,400.

Inafaa kuashiria hapa kuwa mwaka 2022, kwa amri ya Sultani, Jabal Akhdar ulitenganishwa na Nizwa na kuwa wilaya inayojitegemea, siku ile ile ambayo Sinaw ya Sharqiyah Kaskazini ilipewa hadhi hiyo. Mabadiliko hayo ya kiutawala yanaweza kuonekana madogo kwa msikilizaji wa mbali. Lakini ukikumbuka ile sheria ya Ufaransa, utaona kwamba mlima huo sasa una mlango wake wa kubishiwa hodi: mwenye kutaka kujenga, awe wa hoteli, wa barabara ya pili au wa waya, anayo ofisi huko huko juu ya kuikabili, na wenye falaj hawalazimiki tena kuteremka Nizwa ili wasikike.

Kwa wale mnaokusudia kwenda, makomamanga huanza kuiva mwishoni mwa Agosti, na Septemba ndiyo mwezi wake hasa. Kodini gari la magurudumu manne au mwafikiane na dereva wa Birkat al Mawz kabla ya kupanda, muwe na leseni mkononi kwa ajili ya askari wa kizuizini, na wakati wa kushuka tieni gia ya chini, muuache mguu wa breki upumzike. Mchukue na nguo nzito kidogo, hasa wenye watoto, kwani jioni ya Saiq si jioni ya Nizwa.